Mpeni Mwalimu Simu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata, vijijini upande wa Kahama, na kwa miaka mingi nilikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyeniajiri. Nilikuwa mtoa habari mbaya. Mtu akifiwa, au mgonjwa akizidiwa, na ndugu yake yuko mbali, Geita kwenye machimbo au Chato kwenye samaki, watu walitazamana kwanza, halafu mmoja akasema, "Mpeni Mwalimu simu." Simu ililetwa. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikakohoa kidogo, nikaanza.

Sababu ya kunichagua ilikuwa moja tu: nafundisha Kiswahili, kwa hiyo eti najua kuongea. Majirani zangu wengi wanaota ndoto kwa Kisukuma na Kiswahili wanakiweka kwa ajili ya sokoni, zahanati na mkutano wa kijiji. Habari ya msiba, walisema, kwa Kisukuma inachoma, lakini ikipita kwenye Kiswahili cha Mwalimu inapoa. Sikubisha. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa, nikajiona mtu muhimu kuliko hata mwenyekiti wa kijiji, ambaye simu yake haikuwa na chaji siku nyingi.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kwetu habari mbaya hairushwi. Unaanza na salamu, tena salamu kamili: yeye, nyumba yake, watoto, kazi, mvua ya huko. Unamwambia na ya huku, pamba imeotaje, mpunga umeshika maji au la. Halafu unasema mzee amelegea kidogo. Hapo mwenzako ananyamaza. Unamwambia ingefaa aje, si kwa kukimbia, ila aje. Husemi zaidi ya hapo. Akifika atakuta watu wamekaa nje na moto unawaka uani, ataelewa kwa macho yake, akiwa katikati ya ndugu wa kumshika asianguke.

Na sikuwa nafanya hivyo kwa madaha tu. Baba yetu alipofariki, binamu yangu mmoja asiye na simile alimpigia kaka yangu akamwambia, "Mzee amekufa, tunazika kesho." Kaka alikuwa juu ya pikipiki, na kwa kuwa ukoo wetu hauna mtu anayeweza kuacha simu ilie, aliipokea hukohuko juu. Aliingia korongoni na pikipiki yake. Juma lile tulizika baba na kuuguza kaka, na mguu wake wa kulia mpaka leo ni mfupi kuliko wa kushoto. Siku ile niliapa kwamba mtu yeyote nitakayempa habari mimi hataanguka.

Sifa zikaenea hadi zikawa kero. Mwanakwaya mwenzetu mmoja alihamia Chato kuuza dagaa. Kwaya ilikuwa inashona sare za sikukuu ya parokia, nikampigia kuuliza vipimo vyake. Nimefika kwenye salamu za watoto, nasikia mtu analia.

"Ni nani, Mwalimu? Niambie tu. Ni mama?"

"Ni shingo," nikamwambia. "Nataka kipimo cha shingo."

Alinitukana matusi ya nyumbani niliyoyajua, na mengine ambayo nadhani alijifunza ziwani. Shati lake tulilishona kwa kukisia, likambana, na nilifurahi kidogo.

Darasani nako nilikuwa na mada ninayoipenda kuliko zote, tanzia. Vitabu vya tamthilia vilikuwa vichache na vimeliwa na mchwa nusu, kwa hiyo nilijitungia mchezo mfupi wa kufundishia. Kijana wa ukoo wa mtemi anaitwa vitani. Mlezi wake, mwanamke aliyembeba mgongoni tangu hajaota meno, anauficha mkuki wake ndani ya ghala la mtama, akiamini kwamba kijana asiye na mkuki atabaki nyumbani. Kijana anautafuta pamoja na mlezi huyohuyo, haupati, anaona haya kubaki na wanawake, anaenda vitani na fimbo ya kuchungia. Basi. Wanafunzi waliupenda mchezo huo kwa sababu wavulana walipata kufa jukwaani, na mvulana wa Kidato cha Tatu ukimruhusu kufa jukwaani hamalizi upesi. Mmoja alikufa mpaka kengele ya chakula ikalia.

Swali langu lilikuwa lilelile kila mwaka: Je, mlezi alaumiwe? Jadili. Na jibu nililolitaka lilikuwa lilelile. Nilitaka waniambie kwamba mlezi alipenda, kwamba nia yake ilikuwa safi, kwamba tanzia inatusikitisha kwa sababu wema wenyewe ndio uliofungua mlango wa balaa. Aliyeandika "nia" mara nyingi alipata alama nyingi. Nilikuwa wakili wa yule mlezi, nawaambia ukweli, na sikujiuliza kwa nini.

Sasa nimlete jirani yangu. Alikuwa mjane, nyumba yake na yangu zikitenganishwa na ua wa minyaa, mama mfupi, mwembamba, mwenye ulimi wa kukata kuni. Nilipofika pale nikiwa mwalimu mpya, nikiwa na godoro na masanduku mawili, yeye ndiye aliyenitazama nikihangaika na moto, akaja akanisukuma kando, akauwasha mwenyewe bila salamu. Baadaye akanirudia na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Aliniita ng'wanone, mwanangu, hata mbele ya mwalimu mkuu. Akiniona na simu sikioni aliniuliza kupitia ua, "Mwalimu, leo umemzika nani?"

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, wa kiume, na mtoto huyo alikuwa Rwamgasa anachimba dhahabu na wachimbaji wadogo. Aliondoka vibaya. Mama alikuwa na jozi ya maksai wa kulimia, na kijana alimchukua mmoja bila kuomba, akamtoa kwa mtu ili yeye mwenyewe aingizwe kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimba. Jozi ikivunjika, maksai mmoja halimi. Msimu ule mama alilima kwa jembe la mkono, mwanamke wa umri ule. Kijana aliporudi kuaga, mama alisimama kwenye pengo la ua, akamwambia mbele za watu, "Miguu iliyomtoa ng'ombe wangu zizini isikanyage tena hapa."

Kwa wazee wa kwetu neno la mzazi la namna hiyo haliondoki kwa kusahau, wala kwa kuomba radhi. Sisi ni Wakatoliki, tunaungama, tunasamehewa, tunarudi kukaa benchi la mbele, lakini neno la mzazi lina dawa yake. Mzazi anachukua maji mdomoni, anampulizia mtoto pale pale lilipoelekezwa, miguuni ikiwa ni miguu, na kusema kwamba yamekwisha. Baada ya hapo mtoto anavuka mlango. Mzazi akifa kabla, wazee watamtafuta mtu wa kusimama mahali pake, na watu watakubali, lakini kila mtu anajua kwamba hicho ni kiraka.

Miaka miwili kijana hakukanyaga. Alinipigia mimi. Kila Jumapili baada ya misa simu yangu ililia, na nilijua ni yeye. "Shikamoo, Mwalimu. Mayu anaendeleaje? Ananitaja?" Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nilikuwa namwambia anaendelea vizuri, na kwamba anamtaja, na hilo la pili lilikuwa kweli, ila sikuwa namwambia anamtaja kwa maneno gani. Maksai aliyebaki mama alimpa jina la mwanawe, akawa anamtukana kila asubuhi akimpeleka malishoni.

Nilijaribu kuwapatanisha kwa simu. Nilivuka ua na simu mkononi, nikamwambia mama, ongea naye, Mayu, sema tu yamekwisha. Akaitazama ile simu kwa muda, halafu akanitazama mimi.

"Maji yatapitia wapi hapo?"

Nikacheka, na yeye akacheka, na jambo likabaki palepale.

Halafu ikaja ile wiki ya mvua. Jumapili mama alikohoa sana kanisani. Jumatatu hakuamka. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuja kutoka kijiji cha pili kukaa naye, wakampeleka zahanati, wakapewa dawa, wakarudi. Nilipotoka shule nilikwenda kumwona. Alikuwa amejilaza kwa ubavu, akaniashiria nikae.

"Mwite," alisema. "Mwambie aje. Nataka kuyaondoa."

Jamani, nilifurahi! Nilitaka kupiga vigelegele nikajizuia kwa sababu ya ugonjwa. Nikamwambia, kwa ile tabia yangu ya kutaka kubeba kila kitu, "Mayu, kama ni neno, niachie mimi pia nimfikishie, asije akasubiri." Akakataa kwa mkono. Hilo ni lake na langu, akasema, haliagizwi. Akamwomba wifi yake kikombe cha maji, akakiweka kwenye kigoda karibu na kichwa chake, na akaagiza yawe yanabadilishwa kila asubuhi ili mtoto asije akapuliziwa maji yaliyolala.

Nilitoka nje nikapiga simu. Kijana aliipokea akicheka, nyuma yake kuna kelele za karasha linasaga mawe na watu wanaitana. Kabla sijamaliza salamu alinieleza kwamba wameugusa mwamba wenye dhahabu. Miezi saba ya kuchimba udongo na sasa wameugusa. Zamu yake ya kushuka ilikuwa wiki ile, wenzake hawataki mtu atoke timu isije ikavunjika, na Jumamosi wote watapumzika.

Nikamwambia, "Mama amelegea kidogo. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Amekubali. Anataka uje ayaondoe."

 Nikasikia kwamba analia na kucheka pamoja.

"Nije sasa hivi? Kuna pikipiki hapa, naitoa sasa hivi."

Hapo ndipo. Nimekirudia kipande hicho mara nyingi, na kila mara nakiona kifupi vilevile. Nilitazama mawingu upande wa Bulyanhulu, nikaiona ile barabara yenye matope, nikamwona kaka yangu korongoni. Nikasikia pia ile furaha yake ya mwamba, nikaona si haki kumwondolea. Nikawaza kwamba mama amekunywa dawa, na kwamba mama huyu ni mbishi, hawezi kushindwa na kikohozi. Yote hayo niliyawaza kwa muda wa kumeza mate. Sikumwuliza yeye anaonaje.

"Hapana," nikamwambia. "Anaendelea vizuri. Maliza zamu yako. Njoo Jumamosi, mchana, kwa basi."

"Kweli, Mwalimu?"

"Kweli."

Nikarudi ndani nikamwambia mama, "Amesema anakuja." Akafumba macho, akasema vizuri. Na asubuhi yake, Jumanne, nilipopita kumsalimia kabla ya kwenda shule, aliniuliza amefika wapi, nami nikamwambia, "Yuko njiani, Mayu." Niliona uso wake unalegea. Nikatoka pale nimeridhika. Kijana hakimbii, mama hahangaiki, na mimi katikati nimeshika kila mmoja mkono. Nilipanda baiskeli nikiimba.

Jumatano nilikuwa nasahihisha insha za mlezi na mkuki. Kulikuwa na msichana mmoja, mkimya, binti wa wafugaji, anayekaa dawati la mwisho kwa sababu ya urefu wake. Hakuwa ameandika "nia" hata mara moja. Aliandika hivi, na nayakumbuka kwa sababu yalinikera: "Mlezi alimpenda kijana lakini alimwamulia. Kosa lake si kuficha mkuki. Kosa lake ni kwamba kijana alipokuwa anautafuta, yeye alikaa kimya akamsaidia kutafuta." Nikacheka kwa dharau kidogo. Nikampa alama sita kwa kumi, na kwa kalamu nyekundu nikaandika pembeni: Umesahau nia yake njema.

Jioni nikaenda kwa mama. Alikuwa amekunywa uji wa mtama nusu kikombe, na wifi yake alitangaza habari hiyo mpaka barabarani. Mama akauliza, "Amefika wapi?" Nikajibu, "Yuko njiani, mvua tu." Akasema, "Mvua," basi.

Alhamisi hakula. Pumzi yake ilikuwa fupi, na macho yake yakawa mlangoni muda wote. Wifi yake aliniuliza kwa sauti ya chini, mtoto huyu mbona hafiki, nikamwambia barabara mbaya. Nikatoka nje, nikapiga Rwamgasa. Nilipiga nikiwa nimeamua kusema. Naapa nilikuwa nimeamua. Akapokea, akasema, "Mwalimu! Kesho kutwa! Mama anakula?" Na mimi, mwanamke mzima, mwalimu wa lugha, nikasema, "Amekunywa uji."

Ulikuwa uji wa jana.

Nilijitetea kwa hesabu. Kesho kutwa si mbali, nilijiambia. Nikimwambia sasa atapanda pikipiki katika mvua hii, na akivunjika nitakuwa nimewaumiza wote wawili. Kila sababu niliyoitoa ilikuwa nzuri. Sijawahi kuwa na sababu nzuri nyingi namna ile kwa mara moja.

Ijumaa, saa nne asubuhi, wifi wa mama alikuja mwenyewe shuleni, khanga begani, miguu imejaa matope hadi magotini. Alisimama mlangoni mwa darasa. Hakusema kitu, na mimi niliyezoea kuwasemea wengine nikajua kwa macho, kama nilivyokuwa nikitaka watu wajue. Nikamwacha kiranja na darasa. Tulipofika, wanawake walikuwa wameshamfunika. Kikombe kilikuwa kwenye kigoda, maji yake yamebadilishwa asubuhi ileile.

Uani watu wakatazamana, na kama kawaida mmoja akasema, "Mpeni Mwalimu simu."

Nikaichukua. Nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Akapokea haraka, kwa furaha, "Mwalimu, nimeshafunga mzigo, nimepata basi la saa..." na mimi nikatafuta salamu, nikatafuta mvua na pamba, nikatafuta kule kulegea kidogo. Hakikuja kitu. Nikasema, "Mama amefariki." Maneno mawili tu, bila nguo. Yule binamu yangu asiye na simile angenipongeza.

Hakulia. Aliuliza, "Saa ngapi?" Nikamwambia. Akakata simu. Sijui alikuja kwa chombo gani, lakini hakuanguka. Watu wazima huwa hawaanguki mara nyingi kama tunavyodhani.

Alifika Jumamosi asubuhi, jua limetoka, minyaa inang'aa kwa mvua. Alisimama nje ya pengo la ua, palepale mama alipomtolea neno, na hakuingia. Mkononi alikuwa na mfuko wenye vitenge. Ndani ya ua watu walikuwa wanalia na kuchoma mahindi na kupanga mazishi, na mwenye msiba amesimama nje anaangalia miguu yake. Ilibidi mjomba wake, kaka wa marehemu, atoke na kikombe. Mzee yule ana meno mawili. Alichukua maji mdomoni, nusu yakamwagika kwenye kidevu, nusu yakafika kwenye viatu vya kijana, akasema yamekwisha, dada yangu angesema hivyohivyo. Watu wakasema eee. Kijana akavuka. Nilikuwa nimesimama na sufuria la chai, na nilikuwa natamani mtu anitukane.

Hakuna aliyenitukana. Hilo nalo ni la kueleza. Wifi wa marehemu alijua niliyomwambia mgonjwa, lakini hakujua niliyomwambia kijana. Kijana alijua yake, hakujua ya mama. Ukweli mzima nilikuwa nao mimi peke yangu. Nikaanza kuitafakari upya ile mada yangu. Kwenye tanzia wanaokufa ni wale wengine. Yule mwenye nia njema mara nyingi anabaki mzima mpaka mwisho, anasimama katikati ya jukwaa na kutueleza jinsi mambo yalivyokuwa, na anaeleza vizuri sana. Watazamaji wanamhurumia. Mimi nilimhurumia miaka yote hiyo, nikawagawia alama wote waliomhurumia.

Jumanne nilirudi darasani. Nilimwomba yule msichana mrefu daftari lake, nikakata sita nikaandika tisa. Akaniuliza, kwa adabu, ameongezewa kwa hoja ipi. Nikamwambia, "Kwa ile ya kukaa kimya." Akauliza na ile moja iliyobaki imekatwa wapi. Watoto wa siku hizi. Nikamwambia ni mwandiko.

Siku ya kuanua matanga, baada ya watu kunyolewa na kula na kuanza kutawanyika, kijana alivuka ua akaja kwangu. Kichwa chake kilikuwa wazi, kimenyolewa upya, kimepauka. Nilimpa kiti, akachagua kukaa kwenye ngazi. Kuku wangu walikuja kumkagua.

"Mwalimu," alisema. "Mama alikuachia neno langu?"

Nilikuwa nalo tayari. Siku tatu nilikuwa nimelitunga, nikiosha vyombo, nikisonga ugali. Alisema uende kwa amani, mwanangu, miguu yako ni safi. Nilikuwa nalo la Kiswahili na la Kisukuma chake mama, na hata ile sauti yake ya kukata kuni ningeweza kuiiga. Hakuna ambaye angenipinga. Lingemtuliza, naamini hivyo hata leo, na angerudi Rwamgasa akalala usingizi.

"Hakuniachia," nikasema. "Nilimwomba aniachie, akakataa. Alisema ni lako na lake."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nikamweleza yote basi, tangu Jumatatu. Kwamba aliitwa na nikamzuia. Kwamba Alhamisi uji haukuwepo. Nililia nikieleza, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu alinyoosha mkono akaanza kunifariji.

"Ulinionea huruma, dada," alisema. "Najua barabara ile. Najua na habari ya kaka yako. Usijitese." Kisha akauliza, "Aliniulizia?"

"Kila siku."

"Ukawa unamwambia nini?"

"Kwamba uko njiani."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu. Ulibaki hapo muda kidogo, kisha akauondoa, bila hasira, akauangalia na kuanza kukunja vidole. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa.

"Mwalimu, kutoka Rwamgasa mtu anaondoka asubuhi, na jua halijazama yuko hapa. Mama alijua. Marehemu baba alikuwa anakwenda kule akirudi siku ya pili." Alisema polepole, bado anautazama mkono wake. "Kwa hiyo siku nne alikuwa amelala pale anajua nimeshatoka, ila sitaki kufika."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Wiki nzima nilijilaumu kwa yale niliyomwambia yeye kwenye simu. Yale niliyomwambia mama nilikuwa nimeyahesabu kuwa wema.